Dhamana ya Shirika la Umma: Kumbukumbu za Karani wa Pemba

Mtu aliyezaliwa Pemba hahitaji kufundishwa shirika la serikali ni kitu gani, kwani hulijua kabla hajajua kusoma: hulijua kwa mizani yake, kwa bei yake inayotangazwa kila msimu, na kwa mazungumzo ya wazee barazani baada ya sala ya Alasiri, wanapohesabu watakachopata na watakachodaiwa. Kisiwa hiki kimelelewa na mti mmoja, mkarafuu, na tangu lilipoundwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar mwaka 1968, karafuu zetu kavu zimekuwa na mnunuzi mmoja tu wa halali. Si watu wengi duniani walioishi na shirika la umma kwa ukaribu wa namna hii, hata mahari ya kijana, bati la nyumba, sare ya skuli na nauli ya kwenda Hijja vikategemea uamuzi uliopitishwa katika chumba kimoja cha mkutano, ng'ambo ya pili ya mkondo, Unguja.

Shirika hilo la karafuu mimi nililijua kama mtoto wa mkulima anavyolijua; sikupata kulitumikia. Niliyoyatumikia ni mashirika mengine ya umma, kwanza Chake Chake na baadaye Unguja, nami sitayataja kwa majina, kwani baadhi ya niliofanya kazi nao wangali hai na wengine wamekwisha tangulia mbele ya haki, na haifai kuwasimamisha watu kizimbani kwa kalamu ya mtu mmoja. Ukurugenzi sikuupata wala sikuutamani. Nilikuwa mtu wa meza ya pili, yule ambaye barua zinazokwenda juu na zinazoteremka chini zote hupita mikononi mwake, akazisoma, akazipiga muhuri, akazitia katika jalada. Na kwa kweli hakuna kiti kinachofaa zaidi kwa mwenye kutaka kujua jinsi watu wanavyoongozwa, kwa sababu mkurugenzi huona anayoonyeshwa, na mchukuzi huona anayoyabeba, lakini karani wa majalada huyaona yote mawili.

Kwa tajiriba hiyo nimekuja kuamini kwamba mushkili mkubwa wa anayeongoza shirika la umma hauko chini yake bali uko juu yake. Kuwaamrisha walio chini ni kazi ambayo hata mtu dhaifu huiweza, maadam ana kiti na muhuri. Walakin kumpelekea aliyekuteua habari asiyoipenda, ukamweleza kwa adabu na kwa hesabu kwamba amri aliyoitoa inaidhuru mali aliyokukabidhi, na ukafanya hivyo ilhali unajua kuwa barua ya kukuondoa huandikwa kwa mistari miwili tu, hilo ndilo linalowashinda wengi, na taabu yake huwaangukia watu ambao hawakupata hata kumwona mkurugenzi huyo kwa macho.

Karafuu zenyewe ni ushahidi wa kutosha. Miti hii ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa kutoka visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi, ikaenea kwa nguvu za watumwa katika enzi ya Sayyid Said, na Pemba ikawa nyuma ya Unguja katika biashara hiyo hata kilipopita kimbunga cha mwaka 1872, kilichong'oa mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ya kwetu kwa kiasi kikubwa salama. Tangu hapo hadi leo robo tatu au zaidi ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba. Wala fikra ya kumkabidhi mnunuzi mmoja zao hili zima haikuanza na Mapinduzi, kama wanavyodhani vijana: Waingereza waliwaundia wenye mashamba chama chao mwaka 1927, na sheria za miaka ya thelathini zikakipa chama hicho mamlaka makubwa hata wafanyabiashara wa Kihindi wakaona wanafukuzwa sokoni, na India ikasusia karafuu za Zanzibar mwaka 1937 na 1938, mpaka serikali ya himaya ikalazimika kukaa kitako na kupatana nao. Kwa hiyo serikali ya Mapinduzi ilipogawa ardhi kwa eka tatu tatu na kisha ikaunda shirika lake, ilirithi nyumba iliyokwisha jengwa. Ilichobadilisha zaidi ni mwenye ufunguo.

Mwenye ufunguo huyo alikuwa na haja zake, nazo hazikuwa haja za upuuzi. Skuli za bure, hospitali, majumba ya Kikwajuni na ya Michenzani, mishahara ya watumishi na mchele wa kutoka nje, vyote vilihitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilikuwa zikianguliwa mtini huku Pemba. Basi ikawa mkulima analipwa sehemu ndogo tu ya ile bei ambayo karafuu zake ziliuzwa nje, na tofauti ikaingia hazina. Mtu anaweza kulitetea jambo hilo kwa mwaka mmoja au miwili ya shida. Lakini lilidumu kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo karafuu, ambazo hazina miguu, zilijifunza kutembea.

Zilitembea usiku, wakati wa giza la mwezi, kwa ngalawa na madau, kutoka katika vijito na mikoko ya pwani ya magharibi ambako kila mwamba una jina na kila jina linajulikana kwa wavuvi, zikavuka hadi Vanga, Shimoni na Mombasa, ambako bei ilikuwa nyingine na hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Serikali ikaunda kikosi kizima kwa ajili ya jambo hilo, KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, na magendo ya karafuu yakawekewa adhabu kali kuliko makosa mengi ambayo Mwenyezi Mungu mwenyewe ameyataja. Nami niliyekuwa mtoto wakati huo nakumbuka jinsi watu wazima walivyonyamaza mgeni anapoingia barazani, si kwa kuwa wote walikuwa wachukuzi wa magendo, bali kwa kuwa wote walikuwa wakijua. Mpimaji wa kituoni alijua, kwani aliiona mikarafuu imezaa na mizani haikuona mzigo. Sheha alijua. Askari wa doria alijua, na pengine alikuwa na shemeji yake chomboni. Ujuzi haukukosekana hata chembe. Kilichokosekana ni njia ya kuupandisha juu pasipo aliyeubeba kuitwa adui wa Mapinduzi, na katika zama zile jina hilo halikuwa la mzaha.

Huku sisi tukilinda fukwe, dunia ilikuwa ikifanya shughuli zake. Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, ambako watu huchanganya karafuu na tumbaku katika sigara zao za kretek, wakazivuta kwa wingi usiokadirika. Na Waindonesia, ambao karafuu asili yake ni visiwani mwao Maluku, wakaamua kupanda zao wenyewe. Mkarafuu huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa, hivyo jambo hilo halikuwa siri wala halikuwa la ghafla: mtu aliyekwenda kutazama mashamba mapya ya Indonesia katika miaka ya sabini angeweza kuhesabu kwa vidole ni lini watakoma kununua kwetu. Miaka ya themanini ilipoingia wakawa karibu wanajitosheleza, na bei iliyokuwa takriban dola 9,000 kwa tani mwanzoni mwa muongo huo ikashuka hata kufika chini ya dola 1,000 miaka kumi na kitu baadaye. Nao wasidhaniwe kuwa walikuwa na hekima kutupita sisi, kwani mwaka 1991 serikali ya Suharto iliwapa watu wachache, akiwamo mwanawe Tommy, haki ya pekee ya kununua na kuuza karafuu za nchi nzima, wakulima wakavunjika moyo, wengine wakaikata mikarafuu yao, na haki hiyo haikuondolewa ila mwaka 1998, baada ya uchumi wa nchi kuporomoka na wakopeshaji wa kigeni kuweka sharti. Ukiyatazama mambo ya Jakarta na ya Unguja kwa pamoja, utaona kwamba kabila, dini na siasa havikuwa na sehemu kubwa katika kosa. Palipokuwa na mnunuzi mmoja aliyeteuliwa kutoka juu, asiyelazimika kumsikiliza muuzaji, matokeo yalifanana.

Nimeyasema haya nisije nikafahamika kuwa nawalaumu watu wa vituoni. Katika utoto wangu nilikuwa nikifuatana na baba kwenda kuuza, karafuu zimekaushwa juani juu ya majamvi siku nne au tano, zimechambuliwa makonyo, zimepetwa, zimetiwa katika mapolo, na moyo wangu ukidunda kwa hofu ya daraja. Mkuu wa kituo tulichokuwa tukienda alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kofia ya kiua iliyokwisha kufifia kwa kufuliwa. Alikuwa akitia mkono ndani kabisa ya polo, si juujuu, akachota, akavunja karafuu moja kwa ukucha kuujua ukavu wake, akanusa, kisha akatamka daraja kwa sauti ambayo kila aliyekuwa kwenye foleni aliisikia. Siku moja alikuja kaka yake wa tumbo moja na mapolo yaliyochanganyika mpeta, zile karafuu zilizovunda kwa kulala mbichi au kwa kunyeshewa. Watu wote wakanyamaza. Mzee yule akatia mkono, akachota, akanusa, akasema, "Daraja la tatu, kaka, na samahani." Kaka akasema, "Kwa watu wote hawa?" Akajibiwa, "Kwa sababu ya watu wote hawa."

Baba yangu hakusema neno mpaka tulipokuwa njiani kurudi. Ndipo akaniambia kuwa yeye hapendi bei, hajapata kuipenda, lakini madamu mtu yule yuko pale, hatapeleka karafuu zake kwengine. Maneno hayo niliyakumbuka sana baadaye, nilipokuwa nikisoma waraka baada ya waraka juu ya namna ya kupambana na upotevu wa mapato. Mkuu wa kituo hakuwa na uwezo wa kubadilisha bei hata kwa senti moja; lakini katika kile kilichokuwa chini ya mamlaka yake, nacho ni mkono wake ndani ya polo, alikuwa mwadilifu hadharani, na uadilifu ule uliliokolea shirika lake mzigo wa familia yetu katika miaka ambayo njia ya pwani ilikuwa wazi.

Sasa nieleze niliyoyaona mimi mwenyewe katika meza ya pili. Shirika moja nililolitumikia lilikuwa na shughuli ya uchukuzi, na tawi letu la Pemba lilikuwa na magari machache, ambayo katika mwaka mmoja mbaya yalipungua kwa kuharibika moja baada ya jingine. Msimamizi wa karakana, fundi hasa, aliandika taarifa kwa mkono: magari mawili hayatembei kabisa, moja halina breki za kuaminika, vipuri viliagizwa tangu msimu uliopita na havijaletwa, na yeye hatakubali dhamana ya roho za watu. Taarifa hiyo ikapanda kwa mkuu wa tawi. Mkuu wa tawi, ambaye hakuwa mtu mwovu illa alikuwa na watoto wengi na nyumba ya serikali, akaona maneno ni makali, akaandika kuwa baadhi ya magari yanahitaji matengenezo na vipuri vinasubiriwa. Ikavuka mkondo. Makao makuu ikafupishwa ili iingie katika taarifa ya robo mwaka, ikawa: huduma za uchukuzi Pemba zinaendelea, pamoja na changamoto ndogo ndogo. Ilipofika mezani kwa bodi, ambayo ilikuwa na mambo ya mikoa mitano ya kusikiliza kabla ya chakula cha mchana, hata zile changamoto zilikuwa zimeanguka njiani. Bodi ikatoa pongezi kwa tawi la Pemba. Nami ndiye niliyeipokea barua ya pongezi, nikaipiga muhuri, nikaipeleka karakana, na yule fundi akaisoma akiwa amelala chini ya gari.

Katika kisa hiki hakuna mwizi hata mmoja, na kwa sababu hiyo nakiona kuwa kizito kuliko visa vya wizi, ambavyo kila mtu huvijua na magazeti huvipenda. Mwizi ukimshika umemshika. Lakini watu wanne waaminifu, kila mmoja akipunguza neno moja kwa ajili ya amani, huweza kuliua shirika bila ya mkaguzi kuona kosa katika vitabu. Na tuseme kweli, aliyeko juu ana sehemu yake katika dhambi hii, kwani ndiye aliyewafundisha: mara ya kwanza alipokemea kwa kuletewa habari mbaya, aliweka bei ya ukweli, na walio chini, ambao wote wanajua hesabu, wakaacha kuuza kwa hasara.

Pemba jambo hili lina uzito wake zaidi kwa sababu ya bahari. Wizara huku huongozwa na Ofisa Mdhamini, na mashirika na wakuu wao wa matawi, watu wenye vyeo vya heshima na bendera mezani. Lakini fungu la matumizi, idhini ya kuajiri, saini ya cheki kubwa na sikio la mwenye kuteua viko ng'ambo. Zamani, kabla ya simu kuwa mfukoni mwa kila mtu, jambo liliweza kusubiri meli, na meli ikasubiri injini, na mkulima au mgonjwa akasubiri vyote viwili. Siku hizi jibu laweza kuja kwa dakika moja, illa aghalabu haliji. Kwani masafa niliyoyasema hayakuwa ya maji peke yake. Kisiwa ambacho kwa miongo kadhaa kimepiga kura kwa namna isiyowafurahisha wenye dola huwa na taabu ya ziada, nayo ni kwamba malalamiko ya kikazi husomwa kama malalamiko ya kisiasa. Fundi akisema breki hazishiki, huulizwa kwanza yeye ni wa upande gani. Maridhiano ya mwaka 2009 na serikali ya umoja wa kitaifa iliyofuata mwaka 2010 yalipunguza ugonjwa huu kwa muda, na niliuona upungufu huo kwa macho yangu katika lugha ya barua zilizokuwa zikipita mezani pangu. Watu walianza kuandika sentensi fupi.

Kuna jambo jingine linalomkabili kila mwenye kuongoza shirika la umma, nalo ni kimemo. Msomaji aliyefanya kazi serikalini anakijua: kikaratasi kisicho na nambari ya jalada, kimeandikwa kwa kalamu, "tafadhali mfikirie kijana huyu," na saini chini ambayo haihitaji kusomeka. Kwa njia ya vimemo shirika lenye haja ya madereva sita hujikuta lina ishirini na magari mawili. Nimewaona wakurugenzi wa namna mbili mbele ya kimemo, wanaokitii kwa hofu na wanaokirarua kwa ghururi, na namna zote mbili hazikudumu vizuri. Wa kwanza walizama pamoja na hesabu zao, wa pili waliondolewa kabla ya mwaka. Lakini nilipata kumtumikia mmoja wa namna ya tatu. Huyu, kikija kimemo, alikuwa akinyamaza, akanipa nikitie katika jalada lake maalumu, kisha akaniamuru niandike jibu la taadhima kubwa, lenye kumshukuru mheshimiwa kwa kulikumbuka shirika, na kumuomba kwa unyenyekevu atuletee maelekezo hayo kwa barua rasmi, yenye kutaja fungu ambalo mshahara wa kijana huyo utatolewa, ili ombi lifikishwe mbele ya bodi katika kikao kijacho. Nakala, kwa utaratibu, ilikwenda kwa Msajili wa Hazina. Barua hizo niliziandika mimi kwa mkono wangu, nikazipiga chapa, nami nashuhudia kwamba vimemo vingi havikurejea. Aliyekuwa na haki ya kweli alirejea na barua, kijana wake akasailiwa pamoja na wengine.

Bwana yule hakuwa shujaa wa hotuba. Alikuwa mtu wa kawaida, mpenda kahawa na halua, mwenye kuogopa kama sisi sote. Alichokifahamu ni kwamba utaratibu, ambao watu huudharau na kuuita urasimu, ndio ngao ya pekee aliyopewa mtu asiye na jeshi. Na kwamba mkubwa akikataliwa faraghani hukasirika, walakin akiombwa aandike rasmi hujikuta anajiuliza mwenyewe. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, ambao katika ibara yake ya kumi na tano uliwakemea viongozi wenye kiburi na dharau, ulikuwa waraka wa Bara, na huku kwetu chama kilikuwa ASP hadi viwili hivyo vilipoungana mwaka 1977. Lakini niliusoma na kuupenda, na bado naona una upungufu mmoja: uliwafundisha walio chini kumwambia ukweli kiongozi wao, haukumfundisha kiongozi huyo namna ya kumwambia ukweli aliye juu yake.

Umeme nao una hadithi yake, nami nitaipita kwa haraka. Unguja iliunganishwa na Bara kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980, na Pemba ikaendelea na majenereta ya dizeli hadi mwaka 2010, ulipofika waya wetu kutoka upande wa Tanga kwa msaada mkubwa wa Norway. Kabla ya furaha hiyo Unguja ilikuwa imekwisha kaa gizani takriban mwezi mzima katika mwaka 2008, na tena tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Nilikuwa Unguja wakati wa giza lile la pili, nikaona mahoteli yakinguruma kwa majenereta na watu wa mitaa ya Ng'ambo mjini wakipanga ndoo kwenye visima. Mtambo ukizinduliwa kila mtu hutaka kuwepo pichani, lakini mkuu wa shirika anayekwenda kuomba fedha za matengenezo ilhali taa zinawaka huonekana msumbufu, na huo usumbufu ndio kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Kuhusu karafuu, insafu yataka nieleze pia yaliyotengenea. Baada ya Dk. Ali Mohamed Shein, ambaye ni mzaliwa wa Pemba, kushika urais mwaka 2010, serikali ilipandisha bei ya mkulima kwa kiasi ambacho wazee hawakukisadiki mpaka waliposhika noti. Shirika likapewa sheria mpya mwaka 2011. Ikatangazwa kwamba mkulima atapata asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na kwa misimu kadhaa kilo ya daraja la kwanza ikawa shilingi 14,000. Miche ya mikarafuu ikagaiwa bure kuchukua nafasi ya miti iliyozeeka. Askari waliwekwa katika bandari bubu wakati huo huo, na wapo wanaosema magendo yalipungua kwa ajili ya askari. Mimi niliyekulia pwani nasema askari tulikuwa nao tangu zamani, kilichokuwa kipya ni bei. Ngalawa ya kwenda Shimoni huhitaji mafuta, nahodha, hongo na roho ngumu, na mtu anayelipwa vizuri mlangoni kwake hana sababu ya kutafuta hivyo vyote.

Hata hivyo bei nzuri iliyotolewa kwa hisani ya mkubwa mmoja yaweza kuondolewa na mkubwa mwengine, na Madagascar, ambayo leo huuza nje karafuu nyingi kutupita, huuza pasipo shirika moja lenye haki ya pekee. Sisemi tuvunje shirika letu kesho. Niliona kule Bara, ambako mashirika ya umma yalipindukia mia nne kisha yakauzwa kwa haraka katika miaka ya tisini, kwamba kuuza si dawa ya kila maradhi, na watu walioachishwa kazi wakati ule walijifunza hivyo kwa gharama kubwa. Ninachosema ni kuwa asilimia ile 80, ikiwa ni haki, basi isiwe tangazo bali iwe sharti ambalo mkulima wa Mtambwe au wa Kengeja aweza kulidai mbele ya hakimu kwa kuonyesha stakabadhi yake. Na bei ya dunia ibandikwe kituoni kando ya bei ya shirika, kila wiki, kwa maandishi makubwa, ili mpimaji asihitaji ushujaa kusema ambacho kila mtu anakisoma.

Kwa wale wenye madaraka ya kuteua, ambao baadhi yao niliwasomesha kazi walipokuwa vijana, nina ombi moja. Msimuulize mkurugenzi wenu mapato peke yake. Muulizeni katika kila robo mwaka ni jambo gani baya aliloletewa na aliye chini kabisa, nani alilileta, na yuko wapi mtu huyo sasa. Mkiona hana la kujibu, au mkisikia kuwa mleta habari amehamishiwa kisiwa kingine, basi mjue mmeteua vibaya, na mbadilishe mteule wenu kabla msimu haujaanza.